Hapo Chini Usiguse

Kinoo hakuwa mtu wa kugombana. Wanaogombana hupoa, wakishatapika yaliyo moyoni wanakunywa maji, wanalala. Yeye akiudhiwa hunyamaza, analikunja lile jambo vizuri na kuliweka mahali ambapo atalikuta siku akilihitaji. Ndiyo maana mdogo wake, ambaye karakana nzima ilimwita Meneja, aliamini kwamba dada yake hana kinyongo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, lakini Meneja hakuwa na nafasi ya kusikiliza wahenga. Alikuwa na simu mbili.

Jina la Kinoo alipewa na mzee mwenye karakana. Alikuwa bado mtoto wa kukaa chini ya meza ya kuchongea, na kila patasi iliyoanguka aliifuta kwa gauni lake na kuirudisha. Mzee akasema, huyu ndiye kinoo changu cha kunolea patasi, na jina likakwama. Mzee hakumzaa. Mama yake aliolewa na yule mchonga mawe ya makaburi akiwa na mtoto mgongoni, mtoto wa meno mawili, na mzee akampa mtoto jina lake bila kuuliza aliwahi kuitwa nani. Meneja alizaliwa baadaye. Mzee alipokuwa hai, maneno "mtoto wa kufikia" hayakutamkwa ndani ya nyumba ile, si kwa hasira wala kwa utani. Alipozikwa yalitamkwa kabla viti vya msibani havijarudishwa kwa wenyewe.

"Dada, wewe ulikuja na mama," Meneja alimwambia, amesimama kwenye mlango wa karakana na kufuli jipya mkononi. "Sikufukuzi, usinielewe vibaya. Lakini damu ni damu."

Kinoo alitazama kufuli, akamtazama mdogo wake, ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, akasema, "Haya." Akaenda zake. Neno moja tu, "haya", na Meneja akalala usingizi wa pono.

Kilichokuwa kinamuuma zaidi ya kufuli ni programu. Mikono ya mzee ilipoanza kutetemeka, Kinoo, ambaye kazi yake ni kuandika programu za kompyuta, ndiye aliyeleta mashine ya kuchonga na ndiye aliyeiandikia akili. Mashine yenyewe haina akili. Inajua kushusha ncha yake kwenye jiwe na kuiburuta, basi. Programu ndiyo inayoiambia iburute wapi.

Ndani ya programu ile kila kazi ya mteja ilikuwa na kitu chake, naye alikiita Kibao. Kibao kilijua maandishi yake, kilijua upana wa jiwe lake na ukubwa wa herufi zake, na kilijua namna ya kujikatia maandishi yake mistari. Kazi hiyo ya kukata ndiyo iliyomtoa Kinoo jasho. Maandishi, au stringi kama wenye kazi wanavyoyaita, ni herufi zilizotungwa moja baada ya nyingine kama shanga, na nafasi kati ya maneno nazo ni shanga vilevile. Kibao kiliyapasua maandishi kila penye nafasi, kikapata maneno, kisha kikayapanga upya neno kwa neno mpaka mstari ujae, ndipo kianze mwingine. Bila hivyo jiwe lingetoka na nusu ya jina la marehemu juu na nusu chini, na jiwe si karatasi ya kukunja na kutupa.

Halafu stringi ina ukaidi wake, ambao kila anayejifunza kazi ile umemliza angalau mara moja. Haibadiliki. Ukiiambia toa neno hili, weka lile, inakutii kwa namna yake: inatengeneza stringi nyingine mpya yenye mabadiliko uliyoyataka, inakukabidhi mkononi, na yenyewe inabaki kama ilivyozaliwa. Usipoipokea ile mpya na kuiweka mahali, imekwenda na maji, na wewe unabaki na ya zamani ukidhani umebadilisha.

Kinoo aliyajua hayo kama anavyojua ngazi za nyumbani. Meneja aliyajua nusunusu. Alikuwa amesoma programu ya dada yake kwa macho, akajifunza kuongeza mstari hapa na kutoa pale, na mstari wa kwanza kabisa alioutoa ni ule wa juu uliotaja nani ameandika. Akaweka jina lake. Tangu hapo hakuna mteja aliyeingia karakana bila kuonyeshwa skrini na kuambiwa, "Hii nimeiandika mimi mwenyewe, mkono wa mtu mwingine haujagusa." Wateja wakishangaa, naye akivimba kama andazi.

Siku za kusimamisha jiwe la mzee zikakaribia. Mama aliandika maneno ya jiwe mwenyewe, kwa simu, kwa kidole kimoja, akifuta na kuandika tena jioni nzima. Yalikuwa maneno ya kawaida: hapa amepumzika fundi wa mawe, mume wa mama, baba wa Kinoo na Meneja, isipokuwa mama aliandika majina yao kamili, na yote mawili yaliishia kwa jina la mzee. Akamtumia Meneja. Kisha akampigia kuuliza kama yamefika.

"Yamefika, mama. Nitayaweka yote."

Kwa Kinoo mambo mengine yote yangeweza kusamehewa, au tuseme kuahirishwa. Karakana ni matofali. Lakini jiwe lile lingesimama pale baada ya wote kufa, na mtu yeyote apitaye angesoma mzee alikuwa baba wa nani. Kama jina lake halipo, basi hakuwahi kuwa mtoto wa mtu yule, na hakuna cheti kingine alichokuwa nacho duniani.

Asubuhi moja akapigiwa simu na Vumbi. Huyu alikuwa fundi wa chumba cha maji, ambamo mawe huchongwa na kuoshwa, mwanamume mzima mwenye ndevu ambazo haijulikani rangi yake halisi, kwa sababu unga wa mawe haujawahi kuzipa likizo.

"Dada Kinoo, njoo uiangalie mashine. Imegoma. Meneja anasema nisikuambie ni yeye aliyesema nikuite."

"Mwambie nakuja, na hujaniambia."

Alimkuta mdogo wake ameketi mbele ya kompyuta, shati limemganda mgongoni. Kwenye skrini kulikuwa na onyo jekundu. Kinoo alilitambua, maana ndiye aliyeliandika: neno refu kuliko jiwe.

"Kuna kazi ya mteja," alisema Meneja. "Ina haraka kidogo. Sijui imekula nini."

"Nipishe."

Hakumpisha vizuri, alisogea upande, akabaki na mkono kwenye ukingo wa meza kama mtu anayelinda sahani. Kinoo hakuhitaji kuuliza mteja ni nani. Maandishi yalikuwa pale, fundi wa mawe, mume wa mama, na aliona mara moja kilichotokea. Yalinakiliwa kutoka kwenye simu, na simu ile, kwa ujuaji wake, iliweka kati ya maneno nafasi za aina nyingine, ambazo jicho la mtu haliwezi kuzitofautisha na za kawaida. Kibao kilitafuta nafasi kinazozijua ili kipasue, hakikuona hata moja, kikaona wasifu mzima wa mzee ni neno moja refu lisiloenea kwenye jiwe lolote. Kikakataa. Ndivyo alivyokifundisha: bora kugoma kuliko kukata neno katikati.

Akaongeza mstari mmoja: badilisha kila nafasi ngeni iwe nafasi ya kawaida, na stringi mpya itakayotoka, Kibao kiipokee kiiweke mahali pa ile ya zamani. Kisha akaendelea kushuka chini ya ukurasa ili aone kama kuna kingine.

"Hapo chini usiguse," Meneja alisema haraka. "Hapo nimeandika mwenyewe."

"Sigusi."

Hakugusa. Macho hayagusi. Ilikuwa mistari miwili tu, na wa kwanza ulikuwa na jina lake. Jina lake kamili, na neno "na" baada yake, limefungwa kwa alama za kunukuu, kisha mkato, kisha alama nyingine mbili za kunukuu ambazo katikati yake hapakuwa na kitu. Toa huyu, weka hewa. Miaka yote aliyoandika programu hakuwahi kuona alama mbili tupu zikamchoma namna ile. Alitaka kuinuka ampige mdogo wake kofi ambalo mzee angelisikia huko aliko.

Ndipo akauona mstari wa pili, na kofi likarudi mfukoni.

Meneja alikuwa ameiambia programu itoe jina la dada yake, na kilichotoka akaiambia skrini ikionyeshe. Skrini ikaonyesha jiwe zuri lenye mtoto mmoja. Akaridhika. Chini yake akaandika: ipelekee mashine Kibao. Lakini Kibao hakikuwa kimepokea kitu. Stringi mpya ilionyeshwa kwenye kioo, ikapotea. Kibao kilikuwa kimeshika maneno ya mama, yote, kama alivyoyaandika kwa kidole kimoja. Mdogo wake alikuwa amebadilisha picha tu, akadhani amebadilisha jiwe.

Neno moja lingetosha kumwokoa. "Ipokee," basi, na Meneja angeelewa, maana si mjinga, ni mvivu.

"Umemaliza?" aliuliza Meneja.

"Nimemaliza pale juu."

"Na huku chini..." Akasita, mwenye hatia haachi kupapasa. "Sikuambii uguse. Nauliza tu, hakuna kosa?"

"Kompyuta imelalamika?"

"Hapana."

"Basi."

Akachukua mkoba wake. Alipokuwa mlangoni alimsikia akibonyeza, kisha akisema peke yake, "Safi kabisa," kwa sauti ya mtu aliyeona alichotaka kuona.

Siku zilizofuata Kinoo aliishi kama mtu aliyeacha chungu motoni kwenye nyumba ya watu. Jiwe lilichongwa ndani ya kasha lililofungwa, chini ya maji, likatoka limepakwa tope jeupe kutoka juu mpaka chini. Kuliosha na kulifunga kitambaa ni kazi ya Vumbi. Meneja haingii chumba cha maji. Ana viatu ambavyo vinathaminiwa kuliko wateja. Lakini je, akiamua kuchungulia siku ile tu? Kila simu ilipolia Kinoo alidhani ni yeye. Kisha Vumbi akampigia.

"Jiwe la mzee limetoka zuri, dada. Majina yenu yamekaa kama mmepigwa picha. Nimeshalifunga."

"Meneja amelionaje?"

"Ameona kitambaa. Amesema nimefunga vizuri."

Kinoo alicheka mpaka akaketi sakafuni. Hakuwa amecheka tangu mazishi, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri kukisikia. Mwenyewe alikisikia akaona kina meno. Angeweza kumwambia mama usiku ule. Alimpikia, akampangusia meza, akamuuliza kama miguu bado inamsumbua, na jiwe hakulitaja.

Siku ilipofika ndugu walijaa makaburini mpaka wengine wakasimama njiani. Mbele alikaa mama, na kando yake shangazi, dada wa mzee, mwanamke ambaye ukikosea kumsalimia anakusalimia yeye, kwa jina lako lote, mbele za watu. Meneja alisimama karibu na jiwe, amelipa mgongo, amevaa suti. Simu moja ilikuwa mfukoni na nyingine mkononi.

"Ndugu zangu," alianza, "jiwe hili si kazi ya mashine tu. Programu inayoiendesha nimeiandika mimi, herufi kwa herufi. Mkono wa mtu mwingine haujagusa. Ni zawadi ya mtoto kwa baba yake."

Akanyoosha mkono nyuma, akavuta kitambaa bila kugeuka, kama mwanamazingaombwe, na kuanza kusoma kwenye simu. "Hapa amepumzika fundi wa mawe, mume wa mama, baba wa..." Akataja jina lake mwenyewe, akanyamaza kidogo ili lizame.

Watu walikuwa wanasoma jiwe.

"Umeruka," alisema shangazi.

"Sijaruka, shangazi."

"Umeruka mtu. Geuka usome, macho yako hayajazeeka kuliko yangu."

Meneja akageuka. Kinoo alikuwa amejiweka mahali ambapo angeuona uso wake vizuri; alifika mapema kwa ajili hiyo, na hakujuta. Aliona macho yakishuka mstari kwa mstari, yakafika, yakarudi juu, yakashuka tena. Mdomo ukafunguka.

"Hapana," alisema. "Hapana, hii siyo. Hili jina... Ni yeye! Ameingia kwenye programu! Mimi nilimwita arekebishe kitu kidogo tu, kumbe amechezea!"

Kila kichwa kikamgeukia Kinoo. Alikuwa ameisubiri shutuma ile tangu siku ya kufuli, ingawa siku ile hakujua itakuja kwa sura gani.

"Mimi?" alisema kwa upole. "Nitaingiaje, mdogo wangu? Si umesema sasa hivi kwamba programu umeiandika wewe na hakuna mkono mwingine uliogusa? Mimi hata ufunguo wa karakana sina."

"Uliiandika wewe na unajua!" alifoka Meneja.

Vumbi, aliyesimama nyuma na ndevu zake zilizooshwa kwa heshima ya siku ile, akakohoa. "Kumbe," akasema, si kwa sauti ya chini.

Shangazi hakuwa amemaliza. Alikuwa ametulia, na anayemjua shangazi anajua huo ndio wakati wa kutafuta njia ya kutokea.

"Hayo ya nani kaandika tutayarudia. Mimi sijaelewa kitu kimoja, unieleweshe polepole. Jina la binti wa kaka yangu lipo kwenye jiwe la kaka yangu. Wewe unalalamika kwamba lipo. Kwa hiyo wewe ulitaka nini?"

Meneja aliangalia simu, akaangalia jiwe. Kila jibu lililokuwepo lilikuwa na mwiba. Aseme alilitoa, mama anamsikia. Aseme aliliweka, amelalamikia nini?

"Ilikuwa... ni mpangilio wa mistari tu, shangazi. Mistari haikukaa..."

"Mistari imekaa," alisema mama. Lilikuwa neno lake la kwanza siku ile. Alikuwa anamtazama mwanawe aliyemzaa na mzee kwa namna ambayo mtoto haombi kutazamwa mara mbili. "Uliniambia utayaweka yote."

Hakuna aliyempigia kelele. Ingekuwa afadhali. Ndugu walianza kusogea kwenye jiwe mmoja mmoja, kila mtu akisoma jina la Kinoo kwa sauti, wengine wakiligusa kwa kidole, kila mmoja akimpita Meneja kama anavyopitwa mtu aliyekaa vibaya mlangoni. Wapo waliolisoma mara mbili. Shangazi alilisoma mara tatu.

Watu walipopungua Meneja alimfuata kando ya ukuta. Suti ilikuwa imemlegea.

"Dada, niambie tu. Nililiona limetoka. Kwenye skrini lilitoka kabisa, naapa. Nilikosea wapi?"

Jibu lilikuwa sentensi moja. Mtoto wa wiki ya pili darasani angelitoa. Kinoo aliliona likiwa limekaa ulimini, tayari, na akaona pia vibao vyote ambavyo mdogo wake angevichonga miaka ijayo, akibadilisha picha na kuacha jiwe, akiwaita wateja waongo mpaka mteja wa mwisho amkimbie.

"Uliniambia nisiguse," akamjibu, na kumwacha pale. Mpaka hadithi hii inasimuliwa, Meneja hajui.

Jioni alimrudisha mama nyumbani. Mama alivua viatu, akakaa kwenye kiti cha jikoni, akapangusa meza iliyokuwa safi.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu aliponiita nitengeneze mashine. Niliona amenitoa. Nikaona pia kwamba hajanitoa."

"Na hukuniambia. Unaniona nakula chakula chako, unaniuliza habari ya miguu."

"Ningekuambia ungemfanya nini? Ungemwita, ungelia, naye angekuonea huruma akaniacha kwenye jiwe. Leo watu wote wangemshukuru. Wangesema ana roho nzuri, amemkubali mtoto wa kufikia." Alivuta kiti, akakaa. "Sikutaka aniweke yeye, mama. Nilitaka ashindwe kunitoa."

Mabega ya mama yakaanza kutikisika, na Kinoo akadhani analia, mpaka alipouona uso.

"Unamkumbuka baba yako mkubwa, kaka wa mzee?" aliuliza mama. "Aliazima nyundo ya mzee, ile ya kichwa cha shaba, hakuirudisha. Mzee hakusema kitu. Miaka! Wakila pamoja, wakicheka pamoja, mimi nadhani yameisha. Kaka mtu alipokufa, mzee akamchongea jiwe zuri kuliko yote aliyowahi kuchonga, hakuchukua hata senti. Watu wakalia. Usiku ananiambia kitandani, 'Ule upande wa chini, unaoingia ardhini, nimeandika: na nyundo hakurudisha.'"

Kinoo alimtazama mama akiwa amesahau kufunga mdomo.

"Nimekuwa najiuliza ile roho ya mzee imekwenda kwa nani," mama aliendelea, akijifuta macho kwa kiganja. "Yule mwenzako akikasirika anapiga kelele, jioni amesahau, anaomba chai. Ile ni yangu mimi, ya kwetu. Lakini wewe! Kunyamaza hivyo, na kusubiri hivyo, na bado ukampangusia mtu meza. Mungu anisamehe, leo pale makaburini nilikutazama nikaogopa. Nilimwona mzee amesimama."

Kinoo aliweka kichwa mezani akalia, mara ya kwanza tangu mazishi, akalia kama mtoto wa meno mawili. Na hata katikati ya kilio kile aliupima moyo wake kuhusu mdogo wake, akaukuta haujamsamehe hata kidogo, wala hauna haraka.